Kuhama nyumba bila kuchanganyikiwa: niliyojifunza baada ya kuhama mara sita hapa Dar

Tangu nije Dar nimehama mara sita na katika hizo sita, tano nimelia. Sio kulia kwa sababu kitu kimevunjika, ni uchovu tu, ile umekaa juu ya ndoo saa tano usiku kwenye nyumba ambayo hata swichi ya taa ya choo hujui iko wapi, mtoto anataka uji, unga wa uji uko kwenye kiroba, kiroba kiko nyuma ya kabati, na kabati limeegemezwa mlangoni kwa sababu wale vijana walishusha wakaondoka. Mara ya sita, tulipotoka Tabata Segerea kwenda Goba, sikulia. Saa mbili usiku tulikuwa tumeshakula wali maharage na watoto wamelala ndani ya neti. Na mzigo wa safari hii ndo ulikuwa mkubwa kuliko wote maana tulikuwa na watoto wawili, mama mkwe, na friji la milango miwili.

Nilichobadilisha ni kitu kimoja tu, niliamua siku ya kuhama sitaki kufikiri. Yaani kila swali liwe limeshajibiwa kabla gari halijapiga honi nje. Hiki kinaenda au kinabaki, kinakaa chumba gani, nani anakibeba, tunalipa shilingi ngapi, chakula cha usiku ni nini. Ukikumbuka siku uliyohama vizuri utaona kilichokumaliza ni watu kumi kukuuliza "dada hiki nacho?" kila dakika huku kichwa kinauma, kubeba mizigo wenyewe walibeba vijana.

Sasa tuanze.

Wiki tatu kabla: punguza, usifungashe

Usitafute hata boksi moja kabla hujapunguza vitu. Watu wengi tunaanza na kufungasha, unajaza kila kitu kwenye salfeti unasema nitachambua huko huko, na huko huko huchambui, salfeti linakaa stoo mpaka uhame tena.

Mimi nina ushahidi wa aibu. Kuna feni ilikufa tukiwa Tandale. Ikahama na sisi Sinza, ikahama Tabata nyumba ya kwanza, ikahama Segerea, na kote huko haijawahi kuzunguka hata mara moja, kila nikiishika mume wangu anasema "iache hiyo, inataka koili tu". Miaka minane feni inataka koili. Safari hii nikamwambia baba watoto, nakupa mpaka Jumapili, ikiwa haizungushi upepo Jumapili inaondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu. Jumapili ikaondoka, na pasi mbili, na sufuria zilizotoboka, na fremu ya kitanda cha chuma, wale jamaa wanapima kwa kilo wanakulipa hapo hapo, haikuwa hela nyingi lakini ilitosha kununua selotepu na kamba zote za kuhamia.

Anza na sehemu ambazo hamzitumii kila siku, yaani stoo, uvunguni, juu ya kabati, ile droo ya chaja zisizojulikana. Weka marundo matatu: kinachoenda, kinachouzwa au kugawiwa, kinachotupwa. Rundo la nne la "tutaona" lisiwepo, likishakuwepo tu umekwisha maana vitu vyote vitaelekea huko. Nguo za watoto zilizowabana mpe jirani mwenye mtoto mdogo siku hiyo hiyo, usiziweke pembeni ukisema nitampelekea. Zikilala usiku mmoja zinarudi kabatini zenyewe, sijui zina miguu.

Upande wa jikoni anzeni kula mlivyonavyo. Unga ulionunua kwa jumla, maharage ya gunia, samaki walioganda kwenye friji, malizeni. Wiki ya mwisho kwetu tulikula mpaka mchanganyiko ambao sitautaja hapa, lakini friji lilikuwa tupu na hakuna aliyebeba kilo kumi za unga kupanda kilima cha Goba.

Na umeme, hapa sikiliza vizuri. Uniti za LUKU zinabaki kwenye mita ya nyumba, haziendi na wewe, kwahiyo wiki mbili za mwisho nunua kidogo kidogo. Mara ya tatu kuhama niliacha uniti karibu sitini kwenye nyumba ya watu, mpangaji aliyekuja sijui alinishukuru wapi. Huko unakohamia nako usisubiri kuingia ndo ujaribu mita, nunua umeme wa elfu mbili siku unayoenda kusafisha uone kama inakubali. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na kama nyumba ilikaa muda bila mtu kununua umeme hizo hela za kila mwezi zinakuwa zimejikusanya, unaweka hela yako unashangaa imemezwa. Bora uongee na mwenye nyumba mapema mkatane kwenye kodi ya pango kuliko kugundua saa moja usiku giza limeingia. Bili ya maji hivyo hivyo, piga picha mita siku unayoingia na siku unayotoka.

Halafu kuna madeni madogo madogo ya mtaani, deni la Mangi dukani, hela ya taka, mlinzi, mchezo (upatu) wa kina mama. Malizana nayo wiki moja kabla. Siku ya kuhama watu wote wanaokudai huwa wanatokea kwa pamoja, kama wametumiwa meseji.

Vifungashio

Maboksi usinunue mapya, hamna sababu. Nenda kwa wenye maduka ya jumla, waambie mapema wakuwekee, na kama unapita Kariakoo jioni wakati wanafunga utayapata kwa hela ndogo sana. Ninayoyapenda ni yale ya mafuta ya kupikia ya lita, ni magumu na ni madogo. Udogo ni muhimu. Mtu akiona boksi kubwa la TV anafurahi anajaza vitabu vyote humo, halafu linakuwa halibebeki, likibebeka linatoboka chini katikati ya ngazi. Vitabu, sahani, vyuma, boksi dogo. Mito, mapazia, midoli, boksi kubwa.

Nguo hazihitaji boksi. Shangazi kaja, yale mabegi makubwa ya nailoni, zinatosha kabisa, mabegi, na salfeti safi. Nguo za kwenye hanga zifunge kumi kumi, zivalishe shuka kwa juu, hanga zibaki hapo hapo, ukifika unatundika tu. Mifuko ya rambo haipo tena toka ipigwe marufuku 2019 kwahiyo kwa vitu vidogo vidogo natumia foronya. Foronya ni begi, jamani, hatujajua tu. Midoli foronya moja, viatu vya watoto foronya moja, unafunga mdomo kwa kamba.

Nunua hivi kabla ya yote: selotepu pana roli nne au tano, kamba ya manila, makapeni mawili (moja litapotea), wembe au kisu cha kukatia, na daftari la kurasa arobaini. Hilo daftari ndo roho ya kazi yote.

Linavyofanya kazi ni hivi. Kila boksi lina namba na herufi ya chumba, J ni jikoni, S ni sebuleni, W ni watoto, M ni chumba cha mama mkwe. Kwenye boksi unaandika J7 tu, ubavuni sio juu, maana maboksi yakipangana juu haionekani. Kwenye daftari unaandika J7: bakuli za udongo, chujio, miko mitatu, mbuzi ya nazi. Usiandike kwenye boksi lenyewe "deki na simu", utakuwa unawaandikia barua wezi. Na kule nyumba mpya unabandika karatasi kwenye kila mlango yenye herufi ile ile, vijana wakishusha wanaangalia herufi wanapeleka, hakuna anayekuuliza. Mwanangu wa miaka tisa nilimpa kazi ya kuandika namba na alikuwa mkali kuliko askari wa barabarani, boksi lisilo na namba halipiti.

Vyombo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo vinavunjika na ndo vinauma, hasa seti ya harusi.

Sahani hazilazwi, zinasimamishwa. Yaani ndani ya boksi zisimame wima kwa ubavu kama madaftari kwenye shelfu. Ukizilaza moja juu ya nyingine ile ya chini inabeba uzito wa wenzake wote na gari likiruka tuta moja tu unasikia kah. Chini ya boksi tandika kitu laini, taulo au khanga mbili zilizokunjwa. Kila sahani zungushia gazeti, au kama huna magazeti, na siku hizi nani ananunua gazeti, tumia vitenge, fulana, soksi. Soksi za shule kwa glasi ni kitu kimetoka mbinguni, glasi inaingia kwenye soksi kama mguu, ukimaliza hujafungasha glasi tu, umefungasha na soksi.

Trei za mayai tunza zote kuanzia mwezi kabla. Zile za karatasi. Ukate vipande uweke kati ya tabaka na tabaka ndani ya boksi, vikombe vya chai vinakaa kwenye vishimo vyake vinatulia. Dada mmoja jirani yangu anauza chipsi, alinipa trei kama thelathini, na kwenye safari nzima ya Segerea mpaka Goba nilivunja kikombe kimoja, na hicho kilidondoshwa na mimi mwenyewe tukishafika.

Ukimaliza kujaza boksi litikise kidogo. Likilia, halijajaa, ongeza nguo kwenye mapengo. Lisilie.

Chupa ya chai ndani yake ni kioo, watu tunasahau tunaitupa kwenye beseni pamoja na mwiko. Ifunge taulo. Mbuzi ya kukunia nazi funga ule mdomo wake kwa matambara, nimewahi kuona kijana kachanika mkono kwa mbuzi iliyokuwa inachungulia kwenye salfeti. Visu vyote vifungwe pamoja kwenye boksi gumu, vielekee upande mmoja. Sufuria zinaingia moja ndani ya nyingine na katikati unaweka viungo, ila mafuta ya kula na sosi mimi sifungashi kabisa, nagawa. Chupa moja ya mafuta ikimwagika kwenye boksi la mashuka utaikumbuka mwaka mzima.

Friji, TV, vitanda na wadudu

Friji lizime siku moja kabla, mlango ubaki wazi barafu iyeyuke, kausha vizuri, lifunge mlango kwa kamba sio kwa selotepu (selotepu inaacha gundi haitoki). Lisafiri limesimama. Vijana watakwambia "mama tulilaze kidogo tu liingie", kataa, ile oili ya kwenye kompresa inatembea inaenda kusikotakiwa. Likifika limesimama vizuri lipe saa tatu nne kabla ya kuwasha. Kama walililaza, hata kwa muda mfupi, liache mpaka kesho yake, na ukiona mtu anataka maji ya baridi usiku ule mwambie aende kwa Mangi wa mtaa mpya akajitambulishe.

TV nayo isimame, usiilaze kifudifudi wala chali. Ifunge blanketi, ikae kati ya magodoro mawili. Kabla hujachomoa nyaya za TV, king'amuzi na redio piga picha nyuma, karibu kabisa, uone waya gani unaingia wapi. Dakika moja tu, kesho yake hugombani na mtu.

Kitanda, kile cha mninga cha sita kwa sita, usimwachie mtu akakitoe kwa nyundo. Tafuta spana na bisibisi inayoingia sawasawa. Nati na bolti zote zitie kwenye kifuko au soksi, na hiyo soksi ifunge kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho. Sio kwenye pochi yako, sio kwenye droo, kwenye kitanda chenyewe. Chaga zihesabu, zifunge pamoja, andika idadi. Sisi tuliwahi kulala wiki mbili na godoro chini kwa sababu bolti nane zilikuwa kwenye kopo la maziwa na kopo lilikuwa mahali. Mahali gani, Mungu ndo anajua.

Sasa mende na kunguni. Najua hamtaki kuongelea lakini bora tuongee. Siku mbili tatu kabla toa makabati juani, yageuze, piga dawa nyuma na kwenye droo. Mende wanapenda joto, wanakaa nyuma ya friji, ndani ya king'amuzi, ndani ya redio, mnahama nao kama ndugu. Kunguni angalia kwenye kona za fremu, kwenye matundu ya bolti na kwenye mishono ya godoro, na kama wapo mwagia fremu na chaga maji yanayochemka, mashuka na neti fua kwa maji ya moto. Na ukifika nyumba mpya ikiwa bado tupu ndo wakati wa kupiga dawa, sio baada ya kuingiza watoto.

Mtungi wa gesi funga, toa regyuleta, usafiri umesimama kwenye gari la wazi. Usiupakie kwenye bajaji na watoto.

Gari

Hapa ndo pesa zinapotelea. Kwa chumba na sebule kirikuu (ile pikapu ndogo) inatosha, labda tripu mbili kama umbali ni mfupi. Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu chukua kanta (lori dogo) moja, tripu moja, umalize. Hesabu ya "nitachukua kirikuu tripu nne ni rahisi" nimeifanya, na foleni ya Dar ilinifundisha adabu, tripu ya tatu ilifika saa nne usiku na ya nne ilifika kesho yake.

Usipatane kwa simu kwa kusema "vitu vichache tu". Kila mtu duniani ana vitu vichache mpaka vitolewe nje. Nenda kwenye kijiwe chao, ongea na dereva uso kwa uso, mtumie video ya nyumba nzima, mwambie unakotoka ghorofa ya ngapi, unakoenda barabara ikoje. Halafu muulize bei hiyo ina nini ndani yake: kupakia, kushusha, vijana wangapi, utingo, kuingiza mpaka chumbani au mpaka getini tu? Hilo swali la mwisho ndo kubwa. Mara ya nne kuhama dereva, simtaji, alisimamisha gari mita mia mbili kutoka mlangoni akasema yeye alikubali mpaka "hapo hapo Tabata", kushusha ni hela nyingine na kubeba ni hela nyingine, na mvua inaanza. Ukishakuwa na maisha yako yote juu ya gari la mtu mvua inanyesha, utalipa. Sasa hivi naandika kila kitu kwenye meseji, namtumia, anajibu "sawa", hiyo sawa yake naitunza. Nampa kidogo kianzio, kilichobaki anapewa kitu cha mwisho kikishaingia ndani. Nampiga picha ya leseni na namba ya gari, na dereva mstaarabu hachukii. Na lazima mtu wetu mmoja apande gari lile lile.

Nenda ukaipime njia. Kwa mguu, ukiweza. Goba ina vilima na vichochoro, kuna nyumba gari dogo linafika na kanta haifiki, waya za umeme ziko chini, kona haigeuki. Sisi baba watoto alienda na futi kamba akapima geti na mlango wa sebule, tukagundua sofa la watu watatu halipiti mlangoni ila linapita dirisha la nyuma kabla halijawekwa nondo, fundi akachelewesha nondo siku mbili. Tusingepima tungekuwa na sofa la barazani.

Siku ya kuhama chagua katikati ya wiki au Jumapili asubuhi, epuka tarehe thelathini mpaka mbili tatu maana kila mpangaji anahama siku hizo, magari yanakuwa bei juu na madereva wanakuwa na haraka. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, kama mkataba unakuruhusu ruka. Kama hauruhusu basi turubai liwe sehemu ya mapatano, uliangalie kwa macho yako kama lina matundu. Godoro likilowa maji halikauki upesi na ule uvundo utaishi nao. Valisha godoro nailoni kubwa hata kama jua linawaka.

Siku yenyewe

Watoto waondoke. Nasema hivi kwa upendo. Wapelekwe kwa shangazi, kwa bibi, kwa rafiki, waje jioni. Sisi wa miaka tisa alibaki kwa sababu ya cheo chake cha namba, mdogo akaenda kwa mamdogo wake Ubungo.

Kila nyumba iwe na mtu mmoja tu anayetoa amri. Mmoja. Tulipanga mimi nabaki Segerea napakia, mume wangu atangulie Goba apokee, mama mkwe akaenda naye kwa sababu alisema hawezi kuingia nyumba haijafukizwa ubani na kuombewa dua, na kusema kweli tulipofika nyumba inanukia udi nilijisikia nimefika kwangu.

Kuna begi ambalo halipandi gari la mizigo kabisa, unalo mgongoni wewe. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho, kadi za bima, mkataba wa zamani na mpya, hati kama unayo, dawa za presha za mama, hela, chaja, funguo. Hata kama gari ni la kaka yako wa tumbo moja, begi linakaa na wewe.

Kupakia: vizito vitangulie mbele karibu na kabini, friji, makabati, mashine ya kufulia, vikisimama vimefungwa kamba kwenye bodi. Magodoro yakae kati ya vyenye vioo. Maboksi ya vyombo chini yakiwa yamebanana yasicheze, mepesi juu. Viti vya plastiki, madumu na mabeseni ndo vinaziba mapengo. Vioo vya kabati vitoe, vibandike selotepu kwa msalaba, visafiri vimesimama. Kila boksi likitoka mlangoni unaweka tiki kwenye daftari, likiingia kule mwenzio anaweka tiki kwenye nakala yake (nilipiga picha kurasa nikamtumia). Tulikuwa na maboksi 34 na salfeti 9, zikafika 34 na 9. Vijana wape chai na maandazi asubuhi na maji muda wote, sio baada ya kazi, kabla. Mtu aliyeshiba anabeba kabati lako tofauti na mwenye njaa.

Kitu cha mwisho kupanda gari, ambacho kitakuwa cha kwanza kushuka, ni beseni la usiku wa kwanza. Kwetu lilikuwa beseni kubwa la bluu na ndani yake: sufuria mbili, jiko la gesi la plati moja, kiberiti, mchele kilo mbili na maharage yaliyochemshwa tayari kwenye hotpoti, sukari, majani, chumvi, sahani tano, vikombe vitano, vijiko, kisu kimoja, sabuni, taulo, karatasi za chooni, tochi, balbu tatu (watu wanahama na balbu zao, usishangae), ekstensheni, bisibisi, kitasa kipya, mashuka na neti za watu wote. Neti ndo wengi wanasahau. Mbu wa mtaa mgeni hawana salamu.

Mkishafika

Usifungue maboksi. Kwanza vitanda, vitanda vyote vifungwe, vitandikwe, neti zitundikwe kabla hamjagusa kitu kingine chochote, hata kama ni saa nane mchana. Maana saa mbili usiku mkono hauwezi tena kushika spana lakini mgongo unadai kulala. Pili kitasa kibadilishwe, hujui funguo za zamani ziko kwa nani, dalali mwenyewe huwa nazo tatu. Tatu maji, jaza ndoo na madumu yote siku hiyo hiyo, usidanganywe na bomba linalotoka kwa nguvu siku ya kwanza. Baada ya hapo ni wali, na kulala.

Kesho yake fungua J zote, keshokutwa W, halafu taratibu. Ndani ya wiki nenda kwa mjumbe mkajiandikishe, mjitambulishe na serikali ya mtaa, na uwasalimie majirani wa pande zote kabla hujahitaji kuazima kwao ngazi.

Kule mlikotoka bado hamjamaliza. Acha ufagio, ndoo, dekio na sabuni, vitu vinne hivyo visipande gari. Rudi kesho yake mchana ukiwa hujachoka, fagia, deki, ziba matundu ya misumari, piga video kila chumba, kila bomba likiwa limefungwa, kila kioo kikiwa kizima, mita ya maji na ya umeme zikisomeka. Mkabidhi mwenye nyumba funguo mkononi mwake, mwandikiane hata mistari miwili kwenye karatasi kwamba amepokea na hakudai, maana mwenye nyumba wangu mmoja wa zamani alinipigia miezi miwili baadaye eti sinki lilipasuka. Mzee wa Segerea yeye alisaini bila maneno, akaangalia sakafu ilivyong'aa, akaniuliza kama lile dekio naliacha. Nikamwachia.